Kipande Hakirukwi

Ukitaka kumwona Kalunde akikasirika, ruka kipande chako. Mengine atakusamehe. Azima karai lake usilirudishe, mpite njiani bila salamu, msengenye hata kanisani, kabla jua halijatua atakuwa amesahau. Lakini siku ya kazi, akishakupimia sehemu yako ya kuchimba, nawe uone hapo pagumu usogee kidogo kwa mwenzako penye udongo laini, hapo ndipo utamjua. Atakuja polepole, asimame kando yako, aguse ardhi kwa fimbo yake ya kupimia, aseme, "Kipande hakirukwi." Basi. Hana matusi, hana kelele. Wewe mwenyewe utarudi kwenye kokoto zako ukiwa umeinamisha kichwa.

Kalunde ni mama wa hapa Matinyani, na ndiye mwenyekiti wa mwethya, lile kundi la wanawake wanaofanyiana kazi ya shamba kwa zamu: leo wote wako kwangu, kesho wote wako kwako. Kazi yao kubwa kiangazi ni kuchimba mitaro ya kukinga maji, udongo ukitupwa upande wa juu uwe tuta, ili mvua ikija isiondoke na shamba lote ikalimwage mtoni. Ni kazi ya kuvunja kiuno. Ardhi ya Kitui wakati wa kiangazi haina huruma, jembe likigonga linarudi kama limetukanwa. Vikundi vingapi vimeanza kwa nyimbo na sare, vikavunjika kabla ya mvua mbili? Huyu kachoka, yule ana mgeni, fulani anachimba robo na kula sahani mbili za muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Kundi la Kalunde halijavunjika, na sababu ni ile fimbo. Kila mtu ana kipande chake. Ukikimaliza, unakaa kivulini hata kama bado una nguvu. Ukikuta jiwe, jiwe ni lako, pambana nalo. Pita Matinyani baada ya mvua uone mashamba yao yalivyoshika maji, halafu uniambie kama huyo mama si wa kuheshimiwa.

Sasa mama wa namna hiyo alikuwa na binti katika darasa la nane, na mwaka wenyewe ulikuwa 2023.

Kwa waliosahau, huo ndio uliokuwa mwaka wa mwisho wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Watoto waliokuwa nyuma walikuwa wamekwisha kuingia katika mfumo mwingine wa masomo. Zamani mtoto akiteleza darasa la nane alirudia, hata mara mbili, na hakuna aliyemcheka sana. Mwaka huo nyuma hapakuwa na darasa la kurudia. Wazazi walikuwa wanajua, walimu walikuwa wanajua, na watoto waliambiwa asubuhi na jioni mpaka wakalijua hata usingizini.

Mbithe, binti wa Kalunde, hakuwa mtoto wa kutiliwa shaka. Tangu darasa la tano alikuwa anakaa mbele. Ndiyo maana Kalunde alishtuka Mwalimu Nyamai, mwalimu wa darasa, alipomwita shuleni baada ya mtihani wa majaribio wa muhula wa pili.

"Karibu uketi, Mama Mbithe."

"Nitasimama tu, Mwalimu. Sema."

Mwalimu Nyamai alimwonyesha karatasi ya majibu ya Hesabu. Juu kulikuwa kumepakwa penseli vizuri kwenye visanduku, jibu baada ya jibu, halafu ghafla weupe mtupu mpaka chini.

"Alikuwa mgonjwa?" Kalunde akauliza.

"Hapana. Nilikuwa nasimamia mimi mwenyewe. Alikaa tu na penseli mkononi mpaka kengele ikalia. Na haya maswali ya chini anayajua. Nilimuuliza kwa mdomo kesho yake, akajibu karibu yote."

"Sasa shida ni nini?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza wewe, mzazi."

Njiani akirudi nyumbani na Mbithe, Kalunde alingoja mtoto aanze. Mtoto alianza, lakini si kwa alilotarajia.

"Mwaitu," akasema, kwa maana hivyo ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "mimi sifanyi KCPE. Nitaenda Malili kwa shangazi. Anataka msichana wa kumsaidia kuuza vitunguu pale barabarani."

Shangazi huyo alikuwa dada ya Musyoka, mume wa Kalunde, ambaye ni fundi wa mawe Nairobi na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kalunde alimpenda wifi yake, na biashara ya Malili haikuwa ya aibu; magari ya Mombasa yanasimama, watu wananunua. Lakini aliogopa, tena aliogopa sana. Alijua binti wa miaka kumi na minne akishaonja kushika pesa yake mwenyewe, hutamrudisha kwenye dawati hata kwa kamba. Na alijua mtoto wake hataki vitunguu. Mtoto wake alikuwa anakimbia.

"Nitakuambia kitu," akasema hatimaye. "Nipe mpaka mtihani wenyewe. Ingia siku ya kwanza, Hesabu. Ukikaa tena na penseli mkononi mpaka kengele, mimi mwenyewe nitakufungia nguo zako na kukupeleka Malili. Sitakulaumu. Lakini mpaka siku hiyo, kusoma kwako nitakupangia mimi."

Mbithe alikubali. Sijui kama alikubali kwa kuamini au kwa kuchoka.

Kalunde aliyaangalia masomo ya mtoto kama anavyoliangalia shamba, na alichokiona hakikumpendeza. Mbithe alikuwa anasoma bila mpaka. Anafika shuleni gizani, anarudi gizani, anakula huku kitabu kiko gotini, analala usoni pake kukiwa na alama ya jalada. Mtu akichimba hivyo, siku ya nne hainuki. Basi Kalunde akachukua kile kitabu kikubwa cha marudio, akakata nyuzi za katani, akaweka uzi mmoja hapa na mwingine kule. Kutoka uzi huu mpaka ule ni kipande cha leo. Ukifika, funga kitabu. Vipande vyote sawa, kurasa sawa, kila somo na siku yake.

Alimpelekea Mwalimu Nyamai habari hiyo kwa fahari. Mwalimu aliusifu mpango wa kumpumzisha mtoto, halafu akasema, "Ila kurasa hazilingani, Mama Mbithe. Ukurasa mmoja wa sehemu na uwiano unaweza kumchosha kuliko kumi za Sayansi."

"Ardhi pia hailingani, Mwalimu, na tunachimba."

Mwalimu akataka kusema zaidi, lakini mama alikuwa amekwisha kuaga. Sikio la kufa, jamani! Hata watu tunaowasifu wana siku zao za kutosikia.

Likizo ya Agosti ilipita vizuri, hilo lazima lisemwe. Mbithe alisoma kipande chake asubuhi, akafunga kitabu, akatoka na mbuzi au akaenda kuchota maji na wenzake. Alianza kulala usingizi wa kweli. Alianza kucheka. Kule kwenye mwethya Kalunde hakunyamaza: mtoto wangu saa nne amemaliza, wa kwenu mnawaua kwa vitabu. Kasyoki, jirani yake na rafiki yake wa tangu ujana, ambaye mdomo wake haujawahi kulala, alimwambia, "Haya, tutaona. Usiuze ngozi na mnyama bado anakimbia."

Shule ilipofunguliwa walipewa mtihani mwingine wa kujaribu. Sayansi, vizuri. Kiswahili, vizuri sana. Hesabu, juu kumepakwa, chini weupe mtupu.

Kalunde aliletewa karatasi na Mbithe mwenyewe, jioni, akiwa uani anapeta ndengu. Aliiangalia. Aliweka ungo chini. Siku hiyo hakukasirika, akamwambia mtoto akae kwenye kigoda.

"Niambie. Ulipofika hapa, palikuwa na nini?"

"Swali la tangi. Mifereji miwili inajaza na mmoja unatoa maji, utafute litajaa kwa muda gani. Ni lilelile la siku ile, wamebadilisha tu namba."

"Hulijui?"

"Silijui."

"Na haya ya chini?"

"Ninayajua."

"Sasa mtoto wangu, si ungeliacha hilo la tangi uende kwa yale unayoyajua?"

Mbithe alimwangalia mama yake kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini haibi.

"Lakini Mwaitu," akasema, "si kipande hakirukwi?"

Asi! Kalunde alihisi kama amepigwa kofi. Mtoto alikuwa amebebwa mgongoni kwenye mwethya kabla ya kujua kutembea, akakulia chini ya ile fimbo, akalisikia neno hilo mara nyingi kuliko jina lake. Wenzake wote walikuwa wanaruka maswali bila hata kufikiri. Yeye alikuwa amekaa mbele ya tangi lile mpaka kengele, akipambana na jiwe lake kwa uaminifu kama alivyolelewa, anaona aibu kulipita, anaona aibu kulishindwa, na mwisho akaona afadhali vitunguu vya Malili. Hakuwa mvivu wala mwoga. Alikuwa mtiifu. Ndilo lililomuuma mama yake zaidi.

Kesho yake mwethya ulikuwa kwa mke mmoja kijana aitwaye Yvonne, ameolewa juzijuzi. Kalunde alipima vipande bila kusema neno. Haukupita muda Yvonne akagonga mwamba. Akajaribu upande huu, akajaribu upande ule, sururu inatoa cheche. Wote walimgeukia mwenyekiti, wakingoja lile neno. Kalunde alifungua mdomo, sauti isitoke.

"Leo mwenyekiti amemeza ulimi!" Kasyoki akapaza sauti. "Yvonne, mama, usijiue. Zunguka tu. Hata huyo mwenye fimbo, mtaro wake wa juu una kona. Mnafikiri ile kona ni ya urembo?"

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kona hiyo ilikuwa inajulikana, ila hakuna aliyewahi kuitaja mbele ya mwenyewe. Walikuwa wanamwogopa, na walikuwa wanampenda, basi waliiacha. Kalunde alisimama na fimbo yake, uso umekaza, na Yvonne akaiweka sururu chini. Halafu taratibu mabega ya Kalunde yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi, na Kasyoki peke yake ndiye aliyeona kwamba machozi mengine hayakuwa ya kucheka.

"Zunguka, Yvonne," akasema.

Jioni hiyo alimchukua Mbithe mpaka juu kabisa ya shamba lao. Mtaro unakuja umenyooka vizuri, halafu unapinda, unalipita jiwe moja kubwa jeusi, unarudi kwenye mstari wake na kuendelea.

"Unaona hapa? Hapa nilishindwa."

"Wewe?"

"Mimi. Sijakuzaa bado. Mwethya haujaanza, nilikuwa peke yangu na jembe la kuazima. Nililipiga hili jiwe, nikalipiga, mpini ukavunjika. Mawingu yale yanakuja. Nikaona nikikaa hapa mvua itanikuta shamba lote liko wazi. Nikalizunguka."

Mbithe alitembea kwenye ile kona, akarudi. "Na maji yanapita?"

"Yanapita tangu hujazaliwa."

"Mbona hujawahi kutuambia?"

Kalunde alilipapasa jiwe. "Ni aibu, mwanangu. Mtu anayewapimia wengine hapendi kuonyesha alipopindisha. Na nilifanya makosa, maana wewe ukafikiri mama yako hajawahi kuacha jiwe. Mimi nimeacha. Kila mtu ameacha. Ningeng'ang'ana hapa, hungekuta shamba la kukulisha."

Mbithe alikaa juu ya lile jiwe, akavuta magoti kifuani, akalia kilio kirefu cha mtu anayetua mzigo. Mama yake alimwacha alie mpaka amalize.

Kalunde si mtu wa kufanya jambo nusu. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi ya walimu. "Mwalimu, uliniambia kurasa hazilingani. Sikukusikia. Nimekuja kusikia."

Mwalimu Nyamai angeweza kumringia, na ingekuwa haki yake. Hakumringia. Alivuta kiti cha pili, wakakaa. Akamweleza kwamba mtihani haupimi kurasa, unapima muda. Kwamba mtoto lazima ajizoeze kuliacha swali akiwa bado analitamani. Kwamba lililoachwa linarudiwa baadaye, kichwa kikiwa kimepoa, moja moja, bila hasira. Akampa karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Mama akauliza, akauliza tena, na pale asipoelewa akasema hakuelewa. Nimewaona watu wenye suti wakishindwa kusema hivyo.

Nyuzi za katani zikaisha kazi siku hiyo. Kuanzia hapo kilichopima ni simu ya Kalunde, ile ndogo ya tochi tuitayo mulika mwizi, ikiwekwa mezani ikilia baada ya muda mfupi. Mbithe anashika swali gumu, simu inalia, anatakiwa kulipita. Mwanzoni hakuweza. Mkono ulikuwa unaganda palepale.

"Ruka," Kalunde anasema kutoka kwenye kigoda chake, akiwa anasuka kikapu.

"Mwaitu, bado kidogo tu, nimelikaribia."

"Ruka!"

"Kidogo tu!"

"Mbithe mwana wa Musyoka, nimesema ruka hilo swali, la sivyo nitakuja nilirarue!"

Kasyoki alikuwa anapita na debe la maji kichwani. Alisimama njiani, akaliteremsha debe ili acheke vizuri. Kabla ya jua kutua Matinyani yote ilikuwa imesikia kwamba Kalunde anamgombeza mtu kwa kutoruka.

Maswali yaliyorukwa hayakutupwa. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mbithe alichukua moja kati ya yale magumu, moja tu, akakaa nalo mpaka uji uwe tayari. Likikubali, vizuri. Likikataa, uji unanyweka vilevile. Mchana akapitia yale mepesi ili yasisahaulike, na akishaona herufi zinaanza kucheza machoni, anakwenda kutafuta kuni. Jumapili vitabu vilikuwa havifunguliwi. Bandu bandu huisha gogo: siku moja alikuja mbio kutoka kisimani, debe liko nusu, maji mengine yako kwenye sketi, akipiga kelele kwamba ameliona la tangi. Alimkalisha mama yake chini na kumwonyesha kwa vikombe: hivi viwili vinaingiza, hiki kinatoa.

Kalunde alisikiliza mpaka mwisho. "Nimeelewa hesabu," akasema. "Nisichoelewa ni huyo mtu. Anajazaje tangi na huku chini amefungua? Huku Kitui! Si angechapwa?"

Oktoba ikaingia, na mawingu yakaanza kukusanyika mapema kuliko walivyozoea. Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Ukambani mvua ya mwisho wa mwaka ndiyo ya kula. Mbegu inatakiwa iwe ardhini kabla ya tone la kwanza; ukichelewa, jirani anavuna nawe unavuna majani. Mwethya ulikuwa unapanda kwa zamu, na zamu ya Kalunde ilikuwa mbali, baada ya mtihani. Kwenye redio walisema mvua ya mwaka huo itakuwa kubwa. Musyoka alikuwa Nairobi kwenye jengo ambalo hawezi kuliacha. Kalunde akaanza kupanda peke yake, alfajiri mpaka jioni, na siku ya pili alipoinua kichwa alimwona Mbithe mwisho wa shamba na jembe.

"Rudi nyumbani."

"Nirudi, halafu tule nini mwaka ujao?"

Mtoto alipanda mpaka giza, na usiku akasinzia juu ya karatasi. Kesho yake vilevile. Alianza tena kukunja uso, alianza kushtuka simu ikilia. Kalunde aliuona mpango wote wa miezi unamomonyoka mbele ya macho yake, na hakujua achague nini, shamba au mtoto. Bila shamba, hata huyo mtoto hatasoma. Bila mtihani huu, nyuma hakuna darasa.

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya mtihani, alisikia nyimbo. Mwethya wote ulikuwa unapanda kijia cha kwake, majembe begani, Kasyoki mbele.

Kalunde aliwakimbilia kuwazuia. "Mmepotea? Leo ni zamu ya Kasyoki."

"Mwenyewe ndiye mimi," Kasyoki akasema. "Niruke."

"Siwezi kukuruka. Hata wewe hujapanda. Tukianza kurukana, kesho kila mtu atakuja na sababu yake. Zamu ni—"

"Zamu ni nini? Sema. Hairukwi? Kwani miezi hii yote umekaa kwenye kigoda ukimfundisha mtoto nini?" Kasyoki akamsogelea, akaacha kutania. "Mama Mbithe, hili kundi lako limetushika mikono wakati wengine tulikuwa tunataka kuanguka. Hujawahi kujipendelea hata kipande. Leo tunakupendelea sisi. Mtoto arudi ndani. Pima."

Kalunde aliangalia fimbo. Aliangalia wanawake wale, ambao kila mmoja alikuwa na shamba lake linalongoja, na mawingu yaleyale juu ya wote. Moyo ulimjaa. Alipima, na vipande vya siku hiyo havikulingana hata kimoja. Hakuna aliyelalamika. Kabla ya alasiri shamba lilikuwa limepandwa mpaka kwenye jiwe la juu.

Jumapili kanisani watahiniwa waliitwa mbele na penseli zao, vifutio vyao na rula zao, pasta akaviombea pamoja na wenyewe. Mchana Mbithe alitaka kufungua kitabu kidogo tu. Mama yake alikalia kitabu hicho mpaka jioni, akichambua kunde.

Jumatatu mwethya ulikuwa kwa Kasyoki, kumlipa siku yake. Kalunde alikuwa pale kimwili. Alipanda mbegu mbili mahali pamoja, akapita pengine bila kuweka kitu, na alipoambiwa akasema jua limemchanganya, ilhali mawingu yalikuwa yamefunika kote. Kichwani alikuwa anaiona karatasi ile, nusu imepakwa na nusu nyeupe. Alijiapiza kwamba ikiwa hivyo atatimiza ahadi yake: atafunga nguo, atampeleka mtoto Malili, hatamlaumu.

Mbithe alitokea kwenye kijia jioni, baada ya insha ya Kiingereza, akitembea wala si haraka wala si polepole. Wanawake walinyoosha migongo mmoja mmoja. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Hata Kasyoki alinyamaza, na hilo lilikuwa jambo la kuandikwa.

"Hesabu?" Kalunde akasema.

"Nimefanya."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini, Mwaitu. Mengine niliyaruka, halafu nikayarudia, yakakubali. Lakini kuna moja lilikataa. La eneo la duara, lina mambo mengi. Nilirudi mara ya pili, likakataa tena, na muda unaisha. Nikaliacha hukohuko."

Alisema hilo la mwisho kwa sauti ndogo, akimtazama mama yake usoni.

Kalunde alitupa jembe. Alipiga vigelegele vilivyofika ng'ambo ya mto, akamkumbatia mtoto na udongo wake wote mikononi, sare ikachafuka, akamwachilia, akapiga vingine. Yvonne, aliyekuwa mwisho kabisa wa shamba na hakusikia kitu, alikuja mbio akiwa na mbegu ndani ya leso.

"Ni nini? Matokeo yametoka? Amepata ngapi?"

"Ameacha moja!" Kalunde akapaza sauti, machozi yakimtiririka. "Yvonne, mtoto wangu ameacha moja!"

"Mwaitu, nyamaza," Mbithe akasema, akijifunika uso kwa mkoba. "Watu wanasikia."

"Wacha wasikie!"